Mwenye Ndege Aliulizia Injini Yake

Ndugu zangu, asubuhi ya leo nataka kuwapeleka uwanja wa ndege. Msiogope, nauli ni juu yangu, na mizigo yenu yote ya wiki hii mnaruhusiwa kuja nayo.

Ninyi mnaopanda ndege za bei nafuu, zile ambazo hata maji ya kunywa unauziwa humo ndani, mmewahi kujiuliza ndege ile ni ya nani? Unaiona imepakwa rangi, jina la shirika limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa kuliko mlango wa nyumba yako, unasema hawa watu wana mali. Thubutu! Mara nyingi ndege si yao. Shirika linaagiza ndege kiwandani, nyingi kwa mpigo ili lipunguziwe bei, na pengine siku hiyo hiyo ya kukabidhiwa linamuuzia tajiri wa mbali, halafu linaikodi kwake hiyo hiyo. Asubuhi mwenye mali, mchana mpangaji. Inaruka miaka sita, minane, mkataba ukiisha inarudishwa kwa mwenyewe, naye anawakodishia wengine, na shirika linakwenda kutafuta nyingine. Mnacheka, lakini ndivyo biashara ilivyo, wala si dhambi.

Basi, kwenye shirika moja la namna hiyo, pale Dar es Salaam, palikuwa na fundi. Jina lake tuliache, asije akawa na shemeji humu ndani. Kwao ni Tukuyu. Na alikuwa fundi kweli kweli, mtu wa kusikia injini ikiunguruma tu akakwambia inaumwa wapi. Nyumbani Tukuyu aliacha mke na binti mmoja. Huyo binti nitampa jina, maana mtoto hapendezi kusimuliwa bila jina. Tumwite Tusekile. Baba anaondoka kwenda kazini, Tusekile alikuwa na miaka mitano. Mwaka ninaowasimulia alikuwa na kumi na minne, anajiandaa kupata kipaimara.

Sasa msikimbilie kumhukumu. Huyu hakuwa baba mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa na nyumba ndogo. Alimpenda mtoto wake, na alimkumbuka hadi kifua kikamuuma. Saa ya chakula wenzake wanakwenda kwa mama lishe, yeye anakaa chini ya bawa la ndege, simu sikioni, anasikiliza sauti za mtoto alizotumiwa. Anasikiliza hadi anajua ni wapi mtoto atakohoa na ni wapi jogoo atawika nyuma yake. Wakati mwingine anaacha kula.

Na hebu nisikilizeni hapa. Shirika lake lilikuwa na ndege ya kwenda Songwe, uwanja wa kule kwao, kila siku asubuhi! Kiti kikibaki wazi, fundi anapanda bure. Anashuka, anachukua gari, kabla ya chakula cha mchana yuko kwake. Je, alikwenda? Alikwenda mara moja kwa mwaka, siku tatu, na nusu yake amelala kwa uchovu. Kila alipopanga safari kulikuwa na ndege mbovu inayomsubiri, akasema nisipokuwepo mimi hawa wataharibu. Kwa hiyo alimweka badala yake mdogo wake, mwenye duka la pembejeo pale pale mjini Tukuyu. Kikao cha wazazi shuleni: "Mdogo wangu, nisimamie." Mtoto amelazwa kwa malaria: "Nisimamie, mdogo wangu, wiki hii tumebanwa." Na yeye mwenyewe akawa anatuma vitu. Baiskeli, godoro, redio, viatu vya shule jozi mbili mbili.

Zamani mtoto alikuwa anajibu hivi: "Ahsante kwa baiskeli, baba. Utakuja lini wewe mwenyewe?" Viatu vikifika: "Vimenitosha, baba. Utakuja lini wewe mwenyewe?" Swali lile lilimchoma fundi wa watu, akawa analikwepa kwa kutuma kingine. Halafu mwaka huo sauti ikaja ya namna nyingine: "Shikamoo baba. Ahsante kwa gauni la kipaimara. Baba mdogo amesema atasimama na mimi siku hiyo, kwa hiyo wewe usihangaike, fanya kazi zako."

Jamani, fundi alifurahi! Akamgeukia mwenzake akamwambia, "Binti yangu amekuwa mtu mzima. Siku hizi anaelewa kazi."

Wazazi wenzangu, nawauliza, hapo palikuwa na cha kufurahia?

Sasa, wiki ile ile ya kipaimara, mkataba wa ndege mojawapo ukawa unaisha. Na ndege ikirudishwa kwa mwenyewe haiondoki hivi hivi. Jina la shirika linafutwa, inapakwa nyeupe tupu, vinakaguliwa viti mpaka mikanda yake, na kila kifaa kinatolewa karatasi zake. Mwenye ndege akamtuma mkaguzi. Alikuja mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Mombasa, amejitanda ushungi, na miguuni buti za kazi. Jumatano alizunguka ndege ile taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Alipofika kwenye injini ya kushoto akavaa miwani. Akasoma namba. Akasoma karatasi. Akairudia namba.

"Bwana fundi," akasema, "injini hii si yetu."

Fundi akacheka kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. Maana alijua. Miaka mitatu nyuma, ndege nyingine ya shirika iliharibika injini, abiria wamejaa wanagomba, na hii ilikuwa imeegeshwa kwa matengenezo. Yeye mwenyewe kwa mikono yake aliitoa injini ya hii akaifunga kwenye ile, akasema ni kwa siku mbili tatu. Siku mbili tatu zikawa miaka mitatu. Hii ikatafutiwa injini nyingine, ikaruka, maisha yakaendelea.

"Mama, hii mliyopata ni nzuri kuliko ile," akamwambia. "Haijaruka sana. Mmefaidi ninyi."

"Siukatai uzuri wake. Yetu iko wapi?"

"Iko kwenye ndege nyingine, mama. Imeshazoea kule. Tukiiacha huko huko nani atadhurika?"

Yule mama akavua miwani akamtazama. "Mwanangu, mimi sikutumwa kuja kutwaa injini nzuri. Nimetumwa nije niitwae iliyo yetu. Nami nitakaa papa hapa mpaka niione."

Na kweli alikaa. Aliomba kiti, akatoa chupa yake ya chai, akakaa ndani ya karakana Alhamisi yote na Ijumaa yote. Wakubwa wa shirika walikuja kumbembeleza, wakamsifia injini aliyopewa, wakampa na habari za mahoteli mazuri ya kwenda kupumzika. Wapi! Kila mara yule fundi akipita mbele yake anasikia, "Bwana fundi, yetu iko wapi?" Hakugomba. Aliuliza vile unavyoulizia habari za ndugu yako aliyesafiri. Mwisho ikabidi ile ndege nyingine isimamishwe, ifunguliwe injini, watu watoke jasho.

Jumamosi alasiri injini ikaletwa, imening'inia kwenye mnyororo. Ilikuwa imejaa masizi, imechakaa, ina makovu ya kila kiwanja ilichotua. Ukiiweka na ile nyingine, mimi na wewe tungechagua ile nyingine. Yule mama akainuka kitini, akasoma namba, akaipapasa kwa kiganja chake.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ndiyo hii."

Ndugu zangu, mtazameni yule fundi. Alikaa chini, hapo hapo kwenye sakafu yenye mafuta. Chuma! Chuma kimeuliziwa siku nne, kimekataliwa mbadala, kimepokelewa na masizi yake. Akajiuliza, "Na mimi je, ni nani ananiulizia?" Akatoa simu, akaisikiliza ile sauti ya mwisho ya mtoto wake tangu mwanzo. Safari hii alikuwa analitafuta lile swali. Halikuwepo. Akarudia. Shikamoo baba, ahsante kwa gauni, usihangaike, basi. Ndipo akaelewa alichokifurahia, na machozi yakamtoka mbele za watu.

"Kesho nakwenda," akamwambia mwenzake. "Nakwenda mimi mwenyewe."

Na kazi? Wenzake waliimalizia. Injini ikafungwa, ikajaribiwa, ikawaka vizuri bila yeye. Kumbe iliwezekana, na iliwezekana miaka yote tisa.

Jumapili asubuhi akapata kiti cha Songwe. Njia nzima hakusinzia. Dirishani aliona mawingu na moyoni aliona kitu kimoja tu, mtoto akigeuka, anamwona, anakuja mbio. Alikuwa ameupanga mkutano huo kwa miaka. Alikuwa anajua mpaka atakavyomnyanyua, akasahau kwamba msichana wa miaka kumi na minne hanyanyuliwi.

Anaingia kanisani, ibada imefika katikati, kanisa limejaa pomoni. Wale watoto wamepanga mstari mbele na magauni meupe. Mchungaji anasema, "Wazazi, njooni msimame nyuma ya watoto wenu." Fundi akapita katikati ya watu, anaomba radhi huku na huku, shati bado linanuka mafuta ya injini. Mdogo wake alikuwa ameshasimama nyuma ya Tusekile. Alipomwona kaka yake, uso ukamng'aa, akarudi nyuma hatua moja ampishe. Ni haki yake, ndiye baba.

Tusekile akageuka. Akamwona baba yake. Akatabasamu vizuri, akapiga goti kidogo kwa heshima, "Shikamoo baba." Halafu mkono wake ukarudi nyuma, ukashika kwa nguvu mkono wa shati la yule mwingine. Akanong'ona, "Baba mdogo, usiondoke."

Fundi akabaki pale alipofika. Watoto walipowekewa mikono, yeye alikuwa hatua moja nyuma.

Ibada ikaisha, watu wakaenda nyumbani kwake kula. Pilau lilikuwepo, ndizi zilikuwepo. Mke wake alimpokea vizuri, hakumsema hata neno. Naye fundi akawa anazunguka uani hajui vikombe vinakaa wapi, hajui mbwa yule anaitwa nani. Akamvuta binti yake pembeni.

"Mwanangu, umenikasirikia?"

"Hapana, baba! Nikukasirikie kwa nini?" Na alisema kweli, hakuwa na kinyongo hata chembe. Kingekuwepo kinyongo, fundi angepata pa kushika. "Wewe una kazi nyingi. Zamani ndiyo nilikuwa nasumbua."

Kisha akamwongoza sebuleni, akampa kiti kikubwa, kile cha wageni. Akaleta maji, akamnawisha. Akaleta soda kwenye sinia, akaifungua kwa adabu, akaweka na leso.

"Karibu, baba," akamwambia. "Jisikie uko nyumbani."

Naona hamcheki tena.

Jamani, mwenye ndege alikataa injini nzuri kwa sababu haikuwa yake. Tungemwona msumbufu. Lakini yule mtoto alikubali. Alipewa mbadala, akalia kidogo, akauliza, akauliza tena, akachoka, akazoea. Fundi alidhani mtoto kukua ni kunyamaza. Na sisi je? Tuna watu majumbani wanaotuuliza kila siku utarudi saa ngapi, mbona hupokei simu, utakuja lini. Tunaliitaje hilo swali? Tunaliita kelele. Tunawaambia tumetuma hela, wanataka nini tena? Wewe mama unayelalamikiwa na watoto wako, wewe kijana ambaye mzee wako kila Jumapili anakupigia "mwanangu, umepotea," mshukuru Mungu kwa kulalamikiwa! Bado una mahali pako kwao, hawajampa mtu.

Na Mungu naye tunamfanyia hivyo hivyo. Tunatuma mabati ya paa, tunatuma sare za kwaya, tunamtuma mama watoto aje ibadani atusimamie. Vitu vizuri, hakatai uzuri wake. Tofauti ni moja, Yeye hazoei. Wewe unapita na shughuli zako, na Yeye yuko pale pale anakuulizia, wewe, kwa jina lako, na masizi yako. Kwake hujachelewa. Lakini wanadamu, ndugu zangu, wanadamu huchoka kuuliza, na siku wakichoka hawatakutangazia, watakushukuru tu kwa gauni.

Mtaniambia, mchungaji, huyo fundi ikawaje? Hakuinywa ile soda. Alikaa nayo mkononi mpaka ikaisha gesi, anamtazama mtoto wake akiwapitishia wageni wengine sinia. Kama walirudi kuwa baba na mwana, sijui, na nisingewadanganya. Ninachojua ni kwamba leo, tukishapeana baraka hapa na kutawanyika, kuna mtu mahali fulani bado anakuuliza utakuja lini. Usimtumie kitu. Nenda, angali anauliza.