Jibu la Kufungulia Mlango

Bwana harusi alipofika na watu wake kumchukua mkewe, alikuta mlango umefungwa, kama ilivyo ada. Ila badala ya kudai pesa za kiingia mlango, mjomba wa bibi harusi, Mwinyihaji, aliyejisifia Kiingereza chake mtaa mzima, alisema, "Nielezeni tofauti ya 'desert' na 'dessert'. Mkishindwa, rudini na bwana harusi wenu."

Mshenga wa bwana harusi, Shebwana, akasogea. "Jibu langu si la kupayuka mbele ya wakwe. Nipe sikio."

Akamnong'oneza. Mjomba akakohoa, akajifuta jasho. "Sahihi kabisa. Fungueni."

Ndani, bwana harusi akamuuliza Shebwana, "Kiingereza umekijulia wapi?"

"Sikijui. Nilimwambia, 'Ukisema nimekosea, nitakuomba uwaeleze watu wote jibu lenyewe.'"