Mahindi Elfu Moja na Tisa

Hapo kale sana, enzi ambazo wanyama walilima na binadamu wakaenda kwao kuomba mbegu, Bi Kindi alilima shamba la ushirika na mabwana watatu wanene: Nyati, Fisi na Kiboko. Nasema alilima na mabwana, lakini jamani, wao walikuja shambani kulala. Kindi ndiye aliyepanda, akapalilia, akafukuza nyani mpaka sauti ikamkauka.

Mavuno yalipofika uwanjani yakahesabiwa: mahindi elfu moja na tisa. Desturi yao ilikuwa kugawana kwa mizunguko, kila anayestahili akipewa hindi moja moja, tena zima, maana kulivunja ni nuksi. Mzunguko usipotimia, yanayobaki ni ya mfagia uwanja.

"Wewe utafagia," Kiboko akamwambia Kindi.

Wakagawana wao watatu. Kila mmoja akapata mia tatu thelathini na sita. Likabaki moja.

Kindi alikuwa na watoto wanne na kiangazi kilikuwa mlangoni. Hasira zikampanda mpaka mkia ukasimama wima. Akazimeza, akasema kwa upole, "Langu nimeliona, mabwana. Ila nyinyi mmedhulumiana. Bwana Nyati mwenye ukoo mzima apate sawa na Fisi anayekula peke yake? Gawaneni kwa vinywa."

"Peke yangu nani?" Fisi akafoka. "Kwangu kuna vinywa mia na hamsini!"

Uongo mtupu. Alikuwa na mke mmoja, naye alishamkimbia.

Nyati akadai vyake ni mia na sitini. Kiboko, asiyeweza kuhesabu hata masikio yake, akadai vivyo hivyo. Mahindi yakarudishwa rundoni, pu! pu! pu! Kindi akajumlisha kimoyomoyo: mia nne na sabini. Bado thelathini na tano.

"Bwana Kiboko," akauliza, "na wale shemeji zako thelathini na watano, hawali?"

"Hao ndio walafi hasa!" Kiboko akadakia, ingawa ndiyo kwanza awasikie.

Kindi akawataka wale kiapo ili hesabu ifungwe. Wote watatu wakaapa kwa makaburi ya babu zao.

Mzunguko wa kwanza ukapita, kila kinywa hindi moja. Mabwana wakameza mate wakingoja wa pili. Kindi akalihesabu rundo polepole.

"Yamebaki mia tano na manne," akasema. "Vinywa ni mia tano na vitano. Mzunguko hautimii." Akachukua ufagio.

Nyati akapiga kwato chini. "Ngoja! Tupunguze kinywa kimoja."

"Haya," akasema Kindi. "Nani kati yenu aliapa uongo?"

Nyati akamtazama Fisi, Fisi akamtazama Kiboko, Kiboko akalitazama tumbo lake. Kindi akafagia, fya, fya, fya, mahindi yote mia tano na manne mpaka mlangoni kwake, watoto wakayapokea kwa vigelegele.

Basi jueni, wanangu: mwenye tamaa akizidisha uongo, hupunguza fungu lake mwenyewe.