Mla Mchanga

Mpelekee hadithi hii fundi yeyote unayemheshimu.

Palikuwa na mfalme wa mji wa pwani, mji ambao nyuma yake ni jangwa tupu. Maghorofa yalichomoza kila mwezi, na sasa mfalme alitaka mnara wa kuyapita yote. Ajabu ni kwamba mchanga wa kujengea uliletwa kwa meli. Ule wa jangwani upepo umeulainisha mno, haushikani na saruji.

Mkaguzi wa mchanga alikuwa Kombo Faki, Mpemba, fundi wa miaka thelathini. Kila shehena aliionja kwa ulimi. Mchanga wenye chumvi hula nondo, na jengo huoza kwa ndani huku nje linang'aa. Wenzake walimwita Mla Mchanga, naye akalipenda jina hilo.

Siku ya kumwaga zege la msingi wa mnara, wageni wamealikwa na mfalme akiwa njiani, Kombo alionja, akatema.

"Una chumvi. Haukuoshwa huu. Hatumwagi."

Mhandisi mkuu akamwinamia sikioni. "Kombo, wageni wote wameshakaa. Ukisimamisha kazi leo, kesho unapanda ndege kurudi kwenu."

Kombo aliifikiria nyumba yake ya Wete ambayo haijaezekwa, na mkewe anayeisubiri. Aliogopa sana. Hata hivyo akazima mtambo wa kuchanganyia zege.

Mfalme alifika, akakaribishwa kwa kahawa na tende kama ilivyo desturi, kisha akauliza mbona pako kimya. Alipoelezwa, alichota mchanga akauonja mwenyewe.

"Mbona mimi sisikii chumvi?"

Watu wote wakamgeukia Kombo. Mhandisi akatabasamu.

"Mtukufu, umetoka kula tende sasa hivi," alisema Kombo kwa upole. "Utamu bado uko mdomoni. Naomba usukutue kwanza."

Mfalme akaagiza maji, akasukutua mara tatu, akaonja tena. Uso ukamkunjamana, akatema.

Akawageukia wageni, akawaambia, "Ninao waonjaji saba wa chakula changu, wananilinda nisife mimi. Mwonjaji wa mji wangu ni huyu mmoja. Nendeni nyumbani. Zege litamwagwa siku atakayosema yeye."

Funzo: Kazi unayoijua isimamie kwa adabu mbele ya yeyote. Mji mkubwa husimama kwa sababu ya mtu aliyesema hapana siku ambayo wote walimtaka aseme ndiyo.