Kisima Kilichozibwa kwa Ajili ya Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, na nyie watu wazima. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale Nyegere alichimba shimo kilimani. Kuru, kuru, kuru! Wanyama wakanong'onezana: mle ndani kaficha sumu ya nyoka. Baraza la wakubwa likamtuma Kunguru akakague.

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya vilevile. Na ada ni ada: hodi tatu zisipojibiwa, mgeni hurudi alikotoka. Kunguru akarudi. Kesho yake akaenda tena, akarudi tena. Nyegere yumo ndani, anaramba asali, anacheka.

Simba, mkuu wa baraza, akanguruma, "Tukambomolee shimo!"

"Tuzungumze naye kwanza," akasema Tembo.

Chui akasema, "Tuzibe kisima cha kilimani. Kiu itamtoa."

Wakapiga makofi, pwa, pwa, pwa! Kisima kikazibwa kwa mawe.

Jamani, kwani kisima kile kilikuwa cha Nyegere peke yake? Mama Digidigi aliishi papo hapo kilimani na mtoto wake mchanga. Nyegere alikuwa na mitungi tele ya maji shimoni. Digidigi hakuwa na hata tone. Maziwa yakamkauka.

Akaenda kwa Nyegere. "Jirani, kama huna sumu, waonyeshe. Mwanangu anakufa."

"Nyumba yangu, heshima yangu," Nyegere akajibu.

Heshima gani hiyo, ya kuramba asali na mtoto wa jirani analia!

Digidigi akambeba mtoto mgongoni, tiki, tiki, tiki, mpaka barazani.

"Wakubwa zangu, shikamooni. Nyegere anakunywa maji. Anayekufa kiu ni huyu. Fungueni kisima."

"Vumilia, mama," akasema Chui. "Ni kwa usalama wako."

Hasira zikampanda. "Usalama wangu? Sumu ya Nyegere sijaiona. Makucha yako nimeyaona, Chui, yalimrarua mume wangu! Nani aliwahi kuja kuyakagua?"

Wakubwa wakaficha makucha. Kisha wakaanza kubishana: tukifungua, Nyegere si atatuona wanyonge? Wakabishana mpaka jua la utosi. Mtoto akanyamaza mgongoni mwa mama yake. Mwili ukapoa.

Simba akasimamisha kikao, akatoa pole. Wote wakasema pole. Halafu wakaketi, wakaendelea na kikao.

Basi sikieni: ukitaka kumkomesha mkaidi, usimwadhibu jirani yake. Na mwenye makucha anayetaka kukagua wenzake, naye akubali kukaguliwa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekasirika, asiache kukasirika.