Bakuli Moja, Chupa Mbili

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, maana simu zilikuwepo, palikuwa na dada wawili, Nakijwa na mdogo wake Namsifu. Mama yao alianguka shambani, ameshika kifua, hakuamka. Kaka yao alianguka kanisani, ameshika kifua, hakuamka. Damu ya ukoo ule ilijaa mafuta ya kuziba mishipa.

Akaja Daktari Kiondo na utafiti. "Dawa hii inapunguza mafuta kwenye damu. Nusu ya chupa zina vidonge vya dawa, nusu zina vidonge vya unga mtupu. Kura ndiyo iliyogawa, hata mimi sijui nani kapata ipi. Tieni saini hapa."

Wakatia.

Nyumbani Nakijwa akasema, "Mdogo wangu, mama alitugawia hata kiazi kimoja. Leo mmoja anywe dawa, mwenziwe anywe chaki?" Akamimina chupa zote mbili kwenye bakuli moja, akakoroga kwa mkono. Kila asubuhi, kidonge kimoja kwako, kimoja kwangu.

Nesi wa utafiti, Mwanaidi, alipopita kuhesabu vidonge, akaliona bakuli. "Jamani! Mnafanya nini?"

Nakijwa akamshika mkono. "Ukisema, tutatolewa. Hata hiyo nusu tutaikosa."

Idadi ya vidonge ilitimia. Mwanaidi akaandika: sawa.

Mwezi wa kumi na moja Namsifu akaanguka jikoni, ameshika kifua. Hakuamka.

Kiondo akafunguliwa orodha ya siri, akaja nayo mazikoni, akaisoma mbele ya watu. Chupa ya Namsifu ilikuwa ya dawa. Ya Nakijwa ilikuwa unga. Hapo habari ya bakuli, na ya ile "sawa" ya Mwanaidi, ikatoka.

Watu walikwisha kuinama kuchota udongo, ndipo binti wa marehemu, Nambike, akapaza sauti. "Aliyemuua mama asitie udongo hapa!"

Nakijwa akasema, "Mwanangu, nilichanganya mimi. Lakini sikujua! Ingekuwa yangu ndiyo dawa, leo mngeniita mkarimu."

"Mama mkubwa, unapumua kwa vidonge vya mama."

Mwanaidi akasema, "Ningesema, wangefukuzwa wote. Nilinyamaza ili wapate walau nusu."

"Ukaandika sawa! Sawa ipi?"

Kiondo akasema, "Wangefuata nilivyoagiza..."

"Daktari, kipimo cha mama ulikiona siku ya kwanza. Ulijua ukoo huu unavyozikwa. Ukamtia kwenye kura?"

"Bila kura tusingejua kama dawa inafaa. Na siwezi kuapa kwamba dozi kamili ingemwokoa."

"Basi hata kuapa huwezi!"

Wazikaji wakaegemea majembe. Ngumi za hao watatu zimefumbwa, udongo unavuja vidoleni, hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kuutia kaburini.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Msinijibu mbiombio, na mtu asiniletee "kazi ya Mungu", hiyo ilishasemwa pale kaburini, wala Nambike hakunyamaza. Je, kati ya hawa watatu, nani ageuke na udongo wake mkononi, aende zake?