Njegere Zilizovimba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima na kupika kama sisi, lilitokea jambo ambalo hata leo nikilisimulia roho huniuma. Hadithi nyingi za Kindi huchekesha. Hii nayo mtaicheka kidogo, halafu mtanyamaza.

Kifaru alikuwa na shamba la njegere mlimani, kwenye baridi. Alikuwa mpole, na macho yake hayakuona vizuri. Kindi alikaa jirani, ndani ya mti mkavu, na wawili hao waliitana kaka na mdogo, maana mama yake Kifaru ndiye aliyemlea Kindi tangu mwewe alipomwacha yatima.

Sasa mama huyo alikuwa mgonjwa ng'ambo ya mlima, na kila chakula alikikataa. Alimtumia Kifaru salamu kwamba labda njegere mbichi zingemrudishia hamu, zile ambazo ganda lake ukilivunja hulia pwa. Kindi hakuwa na habari. Tangu ahamie kwenye mti wake hakuwahi kwenda kumjulia hali. Kila mwezi alisema atakwenda mwezi ujao.

Shambani ulibaki mchumo mmoja tu. Kifaru aliamka alfajiri akachuma umande ungali majanini, akazitandaza njegere kivulini. Kindi akateremka mtini, tiri tiri tiri, akauliza mbona anahangaika hivyo. Kifaru akamweleza kwa subira kwamba njegere hupumua hata baada ya kuchumwa. Ukizirundika na kuzifungia hupata joto, utamu wote ukaisha. Kwa hiyo angezilaza kwenye tenga juu ya majani ya mgomba, zipate hewa na ubaridi, kesho alfajiri aondoke nazo. Kindi hakusikia hata nusu. Alikuwa anameza mate.

"Kaka," alisema, akimpa ganda moja nono, "hebu papasa hili. Limevimba."

"Limejaa tu, mdogo wangu."

"Limejaa nini? Huo ni ugonjwa. Nzima ni hizi zilizo bapa. Atakayekula zilizovimba, tumbo litamvimba vilevile."

Mtauliza mkulima wa njegere anadanganywaje hivyo. Wanangu, mwenye mgonjwa huiamini hofu kuliko mikono yake.

"Maskini mimi," akasema Kifaru, "na hizi nampelekea..."

"Usimtaje!" Kindi akamziba mdomo kwa mkia. "Ukimtaja atakayezila, uvimbe unamhamia."

Kifaru akanyamaza, tena akashukuru. Kindi akajitolea kuzichambua, akatenga zote nono ili akazizike mbali. Kesho yake Kifaru akaondoka na zile bapa, amezifunika vizuri kwa majani.

Kindi alikula siku ile, pwa, pwa, pwa, mpaka tumbo likamkaza. Zilizobaki alizishindilia ndani ya shimo la mti wake, akaziba kwa udongo ili jirani asisikie harufu. Mti wenyewe ulipigwa na jua kutwa nzima.

Siku ya tatu Kifaru akarudi, amechoka, na tenga lake mkononi. Kindi akamuuliza kwa furaha safari ilikuwaje.

"Mama amevunja maganda yote," akasema Kifaru. "Hamna kitu ndani. Hakunilaumu, akageukia ukutani. Amekuulizia wewe."

"Mama nani?"

"Kwani tuna mama wangapi, Kindi? Nilitaka kukwambia siku ile, ukanikataza nisimtaje."

Kindi alipanda mtini akabomoa udongo. Joto likampiga usoni kama la chungu kilichofunuliwa, na harufu mbaya ikafuata. Za juu zilikuwa zimeota ukungu, za chini zimeoza na kuteleza. Akachakura, akapata maganda saba ambayo bado yalikuwa na rangi ya kijani kidogo, akakimbia nayo mlima mzima bila kupumzika. Wakubwa husema majuto ni mjukuu. Siku hiyo Kindi alimbeba mgongoni. Njiani alionja punje moja. Ilikuwa kama unga mbichi, na chungu.

Alimkuta mama amekonda. Mama akampapasa uso, akamtambua, akachukua ganda moja. Halikulia. Lilipinda tu vidoleni mwake. Kindi akainamisha kichwa akingojea kuulizwa.

Mama akatafuna polepole.

"Tamu," akasema. "Umezichuma leo?"

"Leo, mama."

"Nilijua hukunisahau, mwanangu."

Alikula tatu, akasema zilizobaki amwekee karibu na kichwa. Kindi, aliyekuwa amewadanganya wanyama wa mlima wote, alikaa pale akijua kwamba sasa anadanganywa yeye, tena kwa upendo, na machozi yakamtoka.

Siku mbili baadaye mama akafariki, na njegere nne zilikuwa pale pale. Kifaru alipofika mazishini alizikuta, akazipapasa, zote nono. Akamgeukia Kindi, wala hakumuuliza alizitoa wapi.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: mwenye hila humziba mwenzake mdomo, kumbe neno lililokuwa linakuja ni lake mwenyewe.