Fundo la Bi Kanga

Sogeeni hapa, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mimi sirudii. Mwaka huo mvua ilisusa. Jua likawaka bondeni mpaka nyasi zikawa zinavunjika ukizikanyaga, na wanyama wakabaki na ghala moja tu la mtama. Mfalme Simba akamkabidhi Bi Kanga alitunze, kwa sababu hakuna ndege mwangalifu kama yule.

Bi Kanga hakuwa na kufuli. Alikuwa na kamba ya katani na fundo alilofundishwa na marehemu mama yake. Kila jioni alifunga mlango peke yake, na kila asubuhi alilifungua mbele ya wote, akawapikia uji. Fundo walikuwa wanaliona likiwa tayari. Namna ya kulifunga hakuna aliyeijua.

Basi mtama ukaanza kupungua. Asubuhi fundo liko vilevile, ndani mtama umeshuka!

"Mwizi ni yeye mwenyewe!" akapayuka Fisi. "Nani mwingine anaweza kulifunga fundo lile?"

Wenzake wote wamekonda, mbavu unazihesabu, yeye Fisi shavu linang'aa, na bado hakuna aliyejiuliza. Njaa mbaya, jamani, inapumbaza.

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Mimi hukumu yangu haijawahi kukosea. Kanga, uondoke bondeni leo hii, wewe na wanao."

"Baba, wanangu hawajaota hata manyoya," akalia Bi Kanga. "Huko nje ni mawe matupu, watakula nini? Watakufa!"

"Nimeshasema."

Bi Kanga akawakusanya wanawe huku machozi yanamdondoka. Sungura, ambaye macho yake yalikuwa kwenye shavu la Fisi muda wote huo, akajikohoza.

"Mfalme wangu, akiondoka huyu, ghala atafunga nani? Tutafute mlinzi mpya. Kila mtu ajaribu fundo la Bi Kanga, haraka haraka. Atakayeweza, bakuli la kwanza la uji ni lake."

"Wazo zuri," akasema Simba. "Nilikuwa nalifikiria hilohilo."

Akaanza Tembo. Akaizungusha kamba kwa mkonga, akavuta, akatangaza, "Tayari!" Kamba ikaanguka chini, puu! Akaja Kima, akafunga kidole chake mwenyewe akachekelea. Nungunungu akatengeneza kitu kama kiota, akarudi nyuma kukitazama kwa raha zake. Walikosea wote, na hakuna aliyeshtuka hata kidogo. Ungeshtukaje, na hujui wapi umekosea?

Zamu ya Fisi ikafika. Moyoni alikuwa amejiambia, "Nitaboronga kama hawa wajinga." Lakini Sungura alikuwa amefunua chungu makusudi. Harufu ya uji ikamwingia puani, na akili yote ikahamia tumboni. Fisi akaikamata kamba, akapitisha, akazungusha, akarudisha ncha, akachomeka.

"Aka!"

Mabega yakamruka. Mkono ukarudi nyuma wenyewe, hata kabla hajafikiri, kama umegusa kaa la moto. Akaitoa ncha, akaichomeka upande wa pili, safari hii polepole, ulimi nje, kwa uangalifu wote.

"Ngoja kwanza, Bwana Fisi," akasema Sungura. "Mbona umefumua?"

"Nilikosea, bwana! Niache nimalize, uji unapoa."

"Nani amekwambia umekosea? Sisi wote tumenyamaza."

"Kichwa changu kimeniambia!"

"Na kichwa chako amekifundisha nani?"

Kamba ikamtoka Fisi mkononi.

"Tembo amekosea, hakujua," Sungura akaendelea, akiwageukia wote. "Kima hakujua. Huyu ameshtuka papo hapo, kwa sababu njia ya sawa anayo kichwani. Ameipita mara nyingi!"

"Nilichungulia tu!" akalia Fisi. "Siku moja tu, nyuma ya kichaka, Bi Kanga akifunga... na uji wenyewe mtamu!"

Kicheko kilichopasuka hapo, hata Nungunungu miiba ilimsimama. Fisi akataka kukimbia, Tembo akamkanyaga mkia taratibu. Akahukumiwa kuwatwangia mtama wenzake wote mpaka mvua inyeshe, mdomo umefungwa kwa kipande cha kamba ileile ya katani, asije akalamba kinu.

Bado Simba. Wote wakamgeukia. Akajitutumua, akaanza kwa sauti nene, "Mnaona sasa? Tangu mwanzo mimi nilijua kwamba..."

Macho yake yakakutana na ya Bi Kanga, aliyekuwa bado amesimama njiani, wanawe chini ya bawa. Mfalme akasita. Kitu kikamruka kifuani, hichohicho kilichomruka Fisi mabegani. Angeweza kukimeza na kuendelea kunguruma, nani angemzuia?

"Aa," akasema Simba. Akavuta pumzi, na safari hii akaongea polepole. "Bi Kanga, nimekosea. Nisamehe, mama. Rudi nyumbani."

Bi Kanga akarudi mbio, akaiokota kamba, akafunga ghala lake kwa fundo jipya kabisa. Na kuanzia hapo Simba kila akitaka kuhukumu, ananyamaza kwanza, anasikiliza kifua chake. Nami nimemaliza. Usiku mwema, na mkishtuka kesho mkiwa mnakosea, shukuruni, halafu fumueni.